IST, Aqua, Leaf au BYD? Hesabu ya mtu wa Tengeru

Shemeji alinitumia picha nne saa nne usiku, na chini yake neno moja tu: "Lipi?" Toyota IST ya 2006, Toyota Aqua ya 2014, Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya kilowati-saa 40 (yaani uniti 40 za umeme), na BYD Atto 3 mpya inayong'aa kama sahani za send-off. Yeye anaishi Tengeru, kazi yake iko Arusha mjini, na mara moja kwa mwezi hupanda Marangu kumwona mama. Siku ya kazi anatembea kama kilomita 30, kwenda na kurudi. Nikamjibu, "Shem, lala kwanza, hili halijibiwi kwa neno moja." Yafuatayo ndiyo niliyomwandikia kesho yake, nimeyapanga upya kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali hilohilo.

Picha nne, ugomvi mmoja

Kwa zaidi ya miaka mia moja, kutengeneza gari kulimaanisha kutengeneza injini. Anayejua injini ndiye aliyekuwa mkubwa, wengine walimfuata nyuma. Gari la umeme limevuruga heshima hiyo. Mota yake ni kitu rahisi, haina pistoni, haina pulagi, haina oili ya kumwaga. Pesa nyingi zimelala kwenye betri iliyotandazwa chini ya sakafu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kushinda kwa injini anajikuta anashindana na mtu aliyezoea betri, na uwanja ni wa yule wa betri.

BYD ndiye huyo. Ilianzishwa Shenzhen, China, mwaka 1995, ikitengeneza betri. Magari iliingia 2003. Machi 2022 ikaacha kabisa kutengeneza magari yanayotegemea petroli peke yake, na robo ya mwisho ya 2023 ikaipita Tesla ya Marekani kwa mauzo ya magari ya umeme mtupu. Mwaka 2024 iliuza magari zaidi ya milioni 4, ingawa kubwa la hesabu hiyo, zaidi ya nusu, ni yale yenye betri ya kuchaji pamoja na injini ya kusaidia.

Wakongwe nao wanatoa jasho. Volkswagen ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi Desemba 2024 kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo 2030. Kitengo cha magari ya umeme cha Ford kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 5 mwaka 2024. Nissan ndiyo inayosikitisha zaidi. Leaf ilitoka Desemba 2010, miaka ambayo wengi walikuwa bado wanacheka wakisikia gari la kuchomeka ukutani, lakini Mei 2025 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza watu 20,000 na kubaki na viwanda 10 kati ya 17. Kuwahi shamba hakukuipa mavuno.

Toyota ilichagua kukaa katikati. Ilileta Prius 1997, gari la haibridi, injini na betri kwenye mwili mmoja, na mpaka leo inasema dunia haitahama kwa siku moja. Wengi waliibeza. Hata hivyo inauza magari zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, na ukisimama dakika kumi pale soko la Kilombero, Arusha, uhesabu yanayopita, utaelewa kwa nini haina haraka.

Ugomvi huo unatufikia sisi kwa kuchelewa. Tunaendesha kile ambacho Mjapani alikinunua miaka minane au kumi iliyopita, na Wajapani hawanunui sana magari ya umeme: mwaka 2024 hayakufika 3 kati ya kila magari mapya 100, wakati Norway yalikaribia 89. Ndiyo maana mtumba wa umeme kutoka Japani, kwa vitendo, ni Leaf na si kingine. China ilifungua mlango wa kuuza nje magari yaliyotumika mwaka 2019, lakini mengi yana usukani kushoto, na sisi tunaendesha upande ule mwingine. Basi shemeji hakuchagua picha zake kwa bahati. Soko limemchagulia: mkongwe (IST), mkongwe aliyechanganya (Aqua, nayo ni haibridi), mkongwe aliyethubutu (Leaf), na mgeni (BYD).

Sheli na luku

Hapa watu hukadiria, mimi nikakaa na kikokotoo. Petroli, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huitangazia bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2025 ilikuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, basi nimetumia hiyo. Umeme wa nyumbani, kwa aliye kwenye kundi la kawaida, ni kama shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Ndiyo ile elfu kumi inayokupa uniti 28. Kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni kilomita 780.

| Gari | Inachokula | Kwa mwezi |
|---|---|---|
| IST | kilomita 14 kwa lita, lita 56 hivi | 167,000 |
| Aqua | kilomita 22 kwa lita, lita 35 na nusu | 106,000 |
| Leaf 40 | uniti kama 145, na upotevu wa kuchaji umo | 52,000 |

BYD sikuiweka kwa sababu kwa uniti haitofautiani sana na Leaf. Tofauti yake iko kwingine, nitafika.

Leaf inamwokolea shemeji kama 115,000 kwa mwezi dhidi ya IST, yaani milioni 1.4 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu oili na filta ambazo haina. Tamu. Lakini rudi kwenye bei ya kununulia. Kama Leaf ikitoka bandarini imeizidi bei ya IST kwa milioni 5, unarudisha ndani ya miaka minne. Ikiizidi kwa milioni 10, ni miaka saba na kitu, na kwa miaka saba betri nayo imezeeka. Mtu wa kilomita 30 kwa siku hana haraka ya kuhamia umeme. Anayetembea kilomita 100 kila siku, mfano anayelala Moshi na kufanya kazi Usa River, anaokoa karibu laki 4 kwa mwezi. Huyo ningemsukuma kwa mikono miwili.

Jambo dogo pembeni: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Mwenye Leaf hapiti sheli, hivyo halipi. Mimi nisingepanga maisha yangu nikidhani hilo litabaki hivyo, siku haya magari yakiwa mengi.

Gereji

IST hapa haina mpinzani na sitaki kuizungushia maneno. Ukikwama nayo Kwa Sadala saa mbili usiku, kijana wa kwanza atakayekuja na spana ataijua. Spea zipo mpya, zipo za mtumba, zipo za kubahatisha, zote kwa bei yake. Hiyo ndiyo ngome ya kweli ya wakongwe katika miji yetu. Si jina, si matangazo. Ni mikono ya mafundi iliyozoea injini za Toyota kwa miaka ishirini.

Aqua nimeimiliki, kwa hiyo naongea kwa uchungu. Ilikuwa nzuri kama mke mpya mpaka siku taa ya pembetatu nyekundu ilipowaka. Gereji moja ya Arusha, siitaji, ilibadilisha sensa ya kwanza. Taa ikarudi. Ikabadilisha ya pili. Ikarudi. Wakaniambia betri ya haibridi imekufa, niandae pesa ndefu. Kabla sijaziandaa, kijana mmoja aliyejifunza mambo hayo kwenye video alifungua sehemu ya kiti cha nyuma, akatoa feni inayopoza betri. Vumbi la barabara ya Kibosho lilikuwa limeganda humo kama ugali wa jana. Akaipuliza, akaosha kichujio, taa ikazima, na mpaka namuuzia mtu gari lile haikuwaka tena. Ukinunua Aqua, swali la kwanza kwa fundi liwe hili: feni ya betri iko wapi? Akianza kuangalia chini ya boneti, mshukuru, ondoka.

Leaf ina vitu vichache vya kuharibika. Yanayobaki ni yale yale ya barabara zetu: tairi, bushi, shokapu, bolijoinsi, breki, na ile betri ndogo ya volti 12 inayoweza kukulaza nje hata kama betri kubwa imejaa. Tairi zinaisha mapema kidogo kwa sababu gari ni zito. Tatizo ni pale kitu kikubwa kikisumbua, chaja ya ndani au inveta inayogeuza umeme wa betri uendeshe mota. Mafundi wa hayo wapo, ila unawahesabu kwa vidole, na waya za rangi ya machungwa zinabeba umeme wa kuua. Asiyejua asiguse. Arusha tuna afadhali kuliko mikoa mingi, kwa kuwa tangu 2018 kuna magari ya safari ya umeme yanayopeleka wageni hifadhini, na mtu aliyemtengenezea mzungu gari lisilo na mlio katikati ya tembo hatashindwa na Leaf. Kumpata ndiyo kazi.

Ukinunua Leaf, unanunua betri

Nilimwandikia shemeji hivi kwa herufi kubwa. Kwenye IST unauliza injini, gia boksi, bodi. Kwenye Leaf uliza betri, halafu betri, halafu ndiyo uangalie rangi.

Leaf haipozi betri yake kwa maji kama zinavyofanya nyingine nyingi. Inategemea hewa tu. Wenye Leaf za mwanzo kule Phoenix, Marekani, kwenye joto la jangwa, walianza kulalamika mapema, 2012, kwamba betri zinasinyaa. Arusha kwa mita 1,400 juu ya bahari, ule ubaridi wa Julai unaotufanya tuvae makoti mchana ni dawa ya betri. Moshi Februari si Phoenix, lakini ukiweza kuegesha chini ya mti, egesha.

Kwenye dashibodi kuna mistari midogo 12 pembeni ya mistari ya chaji. Hiyo midogo ndiyo uzima wa betri. Mwambie muuzaji akupigie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, usikubali picha ya tairi na viti. Mistari 12 au 11, endelea na mazungumzo. Ikiwa 9, bei ishuke sana au umwachie. Mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye gari na programu ya simu atapata asilimia kamili, na hiyo ni bora zaidi.

Betri ya 40 ikiwa mpya ilipimwa Marekani kilomita 243. Ikibaki na asilimia 85 ni kama 206. Ile ya zamani ya 24 ilipimwa 117 tu tangu ikiwa mpya. Ikibaki na asilimia 65, hiyo ni kilomita 76, na Arusha mpaka Moshi ni 80. Umeelewa. Ukiona Leaf ya 2012 kwa bei ya kutupa, aliyeitupa alikuwa na sababu. Umri pia unaongeza ushuru: gari likivuka miaka 8 linatozwa zaidi kwa uchakavu, likivuka 10 linatozwa zaidi tena, kwa hiyo hiyo bei ya kutupa haifiki Tengeru ikiwa ya kutupa.

Mengine ni madogo. Itakusalimia kwa Kijapani kila asubuhi kukukumbusha kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao, kama ndugu zake wote. Waya wa kuchajia una plagi ya Kijapani, fundi umeme atakubadilishia. Usichomeke kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Weka soketi yake peke yake, waya mnene, ethi ya kweli.

Mlima, na Krismasi

Kupanda ni kupanda. Kulipandisha gari la tani moja na nusu na kitu mita 1,000 juu, kama kutoka Moshi mpaka geti la Marangu, kunadai karibu uniti 4 na nusu juu ya zile za kawaida. Ukishuka, mota inageuka jenereta, sehemu nzuri ya uniti hizo inarudi, na breki zinapumzika. Nani hajawahi kunusa breki za Noah ikishuka na abiria kumi na mbili? Hapo umeme umetushinda kwa haki. IST ikishuka hairudishi hata tone la petroli kwenye tangi. Aqua inarudisha kidogo, betri yake ni ndogo, inajaa upesi.

Tengeru hadi Marangu kwa mama ni kama kilomita 100. Leaf ya 40 yenye asilimia 85 inafika bila shida, ila kurudi inabidi iongezewe uniti 10 mpaka 15. Kwa nani? Kwa mama. Na mama yuko kwenye kile kikundi cha wanaotumia umeme kidogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 100 na kidogo kwa uniti. Yaani mtoto anakuja Jumamosi na mkate na sukari, anakula mtori, analala, anaondoka na uniti 15 za bibi wa watu. Mwezi ukiisha mama anapiga simu. Shemeji alicheka kwa sauti mpaka nikasikia mlio wa kikombe kikianguka.

Kwa ndugu zetu wa Dar wanaopanda nyumbani Desemba, sitazunguka: usipange safari ya kilomita zaidi ya 550 kwa Leaf ukitegemea soketi za njiani. Ukiondoka Dar tarehe 23, Krismasi itakukuta Mombo umechomeka gari kwenye gesti. Hapo chukua Aqua au basi.

Mgeni kutoka Shenzhen

BYD Atto 3 nitaipitia haraka, kwa sababu bei yake si ya mazungumzo yetu. Betri yake ni ya kilowati-saa 60.48, kipimo cha Ulaya kinasema kilomita 420. Mtaani toa zako 70 au 80. Inatumia chuma na fosfeti, haina nikeli wala kobalti, inavumilia kujazwa mpaka juu kila siku, na inapozwa vizuri. Kama gari, ukiiweka kando ya Leaf, Leaf inaonekana baba yake. Angalia mambo mawili. Iwe ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kwa soko la nje, si iliyochepushwa kutoka China. Na uangalie tundu la chaji: Mchina ana lake, Mjapani lake, Mzungu lake, na adapta si kitu cha kununua duka la simu. Aliyenayo pesa na uwanja wake, achukue. Ethiopia tangu mwanzoni mwa 2024 imezuia kuingiza magari binafsi ya petroli, na huko soko linaelekea kwa hawa Wachina. Sisi hatujafika huko.

Swali nililochelewa kuuliza

Baada ya yote hayo nilikuwa nimeshaanza kumwelekeza kwenye Leaf. Anahitaji uniti 5 na nusu kwa siku, saa mbili za kuchaji. Hata umeme ukikatika nusu ya usiku, asubuhi anaondoka. Hilo la Marangu tungemalizana na mama kwa kumnunulia luku ya elfu kumi kila akifika. Ndipo nikamuuliza:

"Shem, hapo Tengeru luku yenu ni ya kwako mwenyewe?"

Kimya.

"Tunachangia. Wapangaji watatu."

Nikamwambia asinitumie picha ya Leaf tena. Luku ya kuchangia inawagombanisha watu kwa sababu ya friji na pasi. Mwezi mmoja gari lako likinyonya uniti 145, hata ukilipa zaidi hakuna atakayeamini hesabu yako, na kila umeme ukiisha saa tatu usiku ni gari lako lililoumaliza. Gari la umeme linadai mahali pa kulala penye soketi yako na mita yako. Bila hivyo, ubora wa betri haukusaidii.

Kwa hiyo nimewapanga hivi. Mwenye nyumba yake au mita yake, anayetembea sana na kurudi kulala palepale: Leaf ya 40, mistari 11 kwenda juu. Mwenye safari ndefu za mara kwa mara na fundi anayejua feni iko wapi: Aqua. Mpangaji wa luku ya kuchangia, au anayehitaji gari ambalo atalitengeneza popote: IST, na asione aibu.

Shemeji ameenda kumwomba mwenye nyumba amruhusu afunge mita yake kwa gharama zake. Mwenye nyumba amesema atafikiria baada ya Pasaka. IST imeshalipiwa nusu.